Alama Kwenye Swali la Saba

Sauti iliyopotea nyumbani mwao ilikuwa ndogo kuliko zote, na labda ndiyo maana binti alichukua muda kujua ni nini hasa anachokikosa. Cherehani ilikuwepo, pale pale chini ya dirisha, imefunikwa shuka. Kiti kilikuwepo, na mto wake uliobonyea katikati. Kopo la vifungo lilikuwepo. Akirudi kutoka kazini jioni alisimama mlangoni, mkoba bado begani, akasikiliza. Jirani anasugua sufuria. Bomba la uani linadondoka. Redio ya mtu inajibizana na redio ya mtu mwingine. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila ile ka! fupi na kavu, ya uzi kukatwa kwa jino.

Alikuwa amekulia ndani ya sauti hiyo. Kwanza kanyagio na sindano, zikikimbizana, halafu kimya cha pumzi moja, mama yake akiinamisha kichwa mpaka kwenye kitambaa, halafu ka! Utotoni alilala usingizi wa mchana kwa kuzihesabu hizo ka, na hakumbuki kama aliwahi kufika ishirini.

Watu walimwita mama yake Mama Pindo. Si kwamba alikuwa na mtoto wa jina hilo. Walimwita hivyo kwa sababu sketi au suruali iliyotoka mikononi mwake ungeigeuza huku na huku, uipeleke kwenye mwanga, usione pindo limeshikwa na nini. "Pindo la mwizi," wateja walisema. "Limepita hapa na hakuna aliyeliona." Mama Pindo alikuwa akicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kinywa chote wazi, kama mtu asiye na cha kuficha duniani.

Mkasi wake ulining'inia shingoni kwa utepe, lakini ulikuwa wa kitambaa tu. Uzi ulikuwa na jino lake. Alimweleza binti mara nyingi, kwa uvumilivu ule ule: pindo linaloshonwa kwa mkono hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, na mkunjo ukishakaa, vidole visiondoke. Ukiviondoa kufuata mkasi, mkunjo unasogea upana wa unywele. Unywele mmoja si kitu. Lakini unywele juu ya unywele, ukifika mwisho wa sketi pindo linakucheka.

"Kichwa ndicho kiifuate mikono," alisema. "Mikono ikianza kutangatanga, ujue fundi hana nyumba."

Kwa hiyo, kila baada ya mishono michache alifunga fundo, akainama, ka! Miaka thelathini na sita ya kuinama hivyo ilichimba kijifereji kwenye jino lake la mbele, la juu, upande wa kushoto. Mfereji mwembamba ambao uzi uliingia wenyewe kama maji yanavyojua njia. Binti alipokuwa mdogo alipenda kuingiza ukucha humo.

"Hapa ndipo unapopitia wewe kwenda shule," mama yake alimwambia, na hakuwa anatania sana. Baba alikuwa amekufa binti akiwa darasa la tatu. Tangu hapo chakula, daftari na viatu vya mtoto vilipitia kwenye kijifereji kile.

Na binti alisoma, akapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Mama Pindo alimshonea koti jeupe la kwanza kwa mkono wake. Pindo lake halikuonekana.

*

Miaka kumi na mmoja binti alikaa kwenye meza ile, mbele ya viti vinane vya bluu na picha ya gego lililopasuliwa katikati kama papai. Kazi yake ilikuwa kuandika majina na kupokea simu, lakini mapema sana aliona jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Mgonjwa aliyelala chali, kinywa wazi, taa usoni, ana maswali mengi na hana ulimi wa kuyauliza. Akishasimama, yote yamemtoka. Anafika kwenye ngazi ndipo anakumbuka, na aibu inamzuia kurudi. Daktari naye alikuwa mwanamke mpole mwenye maneno ya kuhesabika, asipoulizwa hakusema.

Basi binti akatengeneza karatasi ya maswali. Wagonjwa wa jino la kupandikiza ndio waliouliza kuliko wote, kwa hiyo aliwasikiliza mwaka mzima, akaandika, akachuja, akabaki na maswali tisa na majibu tisa yaliyopitishwa na daktari. Mgonjwa alikaa mbele yake, akauliza, yeye akatia alama, akamjibu, na karatasi ikaingia kwenye faili. Kliniki ikawa na utaratibu. Wagonjwa wakawa wanashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Alilijua kila swali hata kabla halijafika mwisho.

"Dada, hili jino la kupanda," dereva wa lori mstaafu alimuuliza siku moja, chumba kizima kikisikiliza, "mnapanda mbegu au mche?"

"Skrubu, mzee. Daktari anaipachika kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika taratibu, halafu juu yake tunaweka jino."

"Nina sukari."

"Ikiwa imetulia, inawezekana. Swali la nne hilo."

"Na sigara je?"

"La tano. Hapo daktari atakugombeza."

"Basi usiliandike!"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja mnene, mkoba mapajani, akapata ujasiri. "Mimi nataka kujua kama usiku nitalivua niliweke kwenye glasi."

"Hapana, mama. Hili halivuliwi."

"Afadhali. Yale ya zamani, mume wangu aliamka na kiu akanywa yale maji."

Jioni binti alimsimulia mama yake hayo, akiwa amekaa sakafuni akichambua vifungo kwa rangi. Na akaongeza, kwa fahari ambayo leo akiikumbuka inamchoma: "Mama, miaka yote hii hakuna swali jipya. Kila mtu anadhani lake ni la peke yake, kumbe ni lile lile, limebadilisha nguo tu."

Mama Pindo alikuwa na uzi mdomoni. Aliukata, ka!

"Nguo ikibadilika," alisema, "fundi anapima upya."

Binti akacheka, akaendelea na vifungo.

*

Jino la kijifereji lilivunjika kwa uzi wa nailoni, wa mkoba wa shule ambao hata haukuwa kazi yake. Alimsaidia jirani tu. Lilipasuka mpaka kwenye mzizi, na daktari akaling'oa. Mama Pindo alirudi nyumbani na pamba mdomoni, akapumzika siku mbili, kisha akahamishia uzi kwenye jino la pili yake. Wiki mbili alijing'ata mdomo, wiki ya tatu akazoea. Mapindo yakawa kama zamani. Akacheka kama zamani, kichwa nyuma, na pengo likionekana jeusi katikati ya kicheko kama dirisha lililoachwa wazi.

Mchana mmoja alipanda ngazi za kliniki kumpelekea binti yake mwavuli aliousahau. Akawasalimia wagonjwa wote, mmoja baada ya mwingine, akawatania, akacheka. Mzee mmoja akamtazama, akamtazama na binti ndani ya koti lake jeupe.

"Huyu ni mama yako, dada?"

"Ndiye."

"Kumbe kweli kinyozi hajinyoi!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na Mama Pindo akacheka kuwapita wote. Binti naye alicheka, lakini kwa meno tu.

Jioni ile alianza. "Mama, tukuwekee jino."

"Pengo limekukosea nini?"

"Watu wanaliona."

"Pindo langu wanaliona?"

"Hawalioni."

"Basi waache waone kitu kimoja."

Ingetosha. Mtu angeiacha hapo, wangezeeka na utani huo. Lakini binti hakuiacha. Kliniki ilimpa kila mfanyakazi wa muda mrefu nafasi ya mzazi mmoja kutibiwa bure, na yeye alikuwa ameitunza nafasi hiyo kama mtu anavyotunza kitambaa kizuri kabatini, akingoja siku. Alisema ni kwa ajili ya kutafuna vizuri. Alisema ni kwa ajili ya taya, kwamba mfupa usiobebeshwa jino hupungua. Hayo yote ni kweli, na yote yalikuwemo kwenye karatasi. Hakusema kuhusu mzee wa kinyozi. Miezi minne alisema, na mama yake akakubali kama alivyoyakubali mambo mengi ya binti yake, yaani bila kusema ndiyo. Jumanne moja alivaa tu gauni lake la kutokea, akakuta foleni, akakaa kwenye kiti cha bluu cha mwisho.

Alikataa kurukishwa mstari. Zamu yake ilipofika, binti akaita kwa mchezo, kwa sauti ya kazini: "Mgonjwa anayefuata!"

"Ni mimi, bosi," alisema Mama Pindo, akaja kukaa, mikono juu ya mkoba. Hakuwa na miwani; miwani aliiacha kwenye cherehani. "Nimesikia hapa kuna maswali. Na mimi nataka kuuliza kama watu."

"Uliza, mama."

"Inauma?"

"Utapigwa ganzi. Baadaye kidogo tu, kama ulipong'olewa."

"Nimekuzaa wewe, hilo nimeuliza kwa adabu tu. Muda gani?"

"Skrubu ikishaingia, miezi minne mpaka sita mfupa uishike. Wakati huo utakuwa na jino la muda, usikae na pengo."

"Na huu umri wangu, sitini na moja?"

"Mfupa hauulizi umri, mama."

Simu ilikuwa inalia. Nyuma ya Mama Pindo mwanamume mwenye shavu lililovimba alikuwa akiguna kama mlango mbovu. Mama akasogea mbele kidogo, akapunguza sauti, kama mtu aliyefika kwenye kile alichokuja nacho.

"Na uzi?"

Kalamu ya binti ilikwisha kufika kwenye swali la saba. *Je, nitaweza kulitumia kama kawaida?* Akatia alama. Kwa mazoea ya kazi akaandika pembeni neno alilolitumia mgonjwa: uzi.

"Utalitumia kama jino lako mwenyewe."

"Kama langu."

"Kama lako, mama."

"Haya. Fundi wa meno amesema."

Chini ya jibu la saba kulikuwa na mstari wa pili. Binti aliupiga chapa mwenyewe: kwamba jino la muda ni la sura, si la kazi, kwamba hata la kudumu lisifanywe kisu wala mkasi. Wagonjwa wengi aliwasomea mstari huo, wale waliokuwa na subira. Mama yake hakumsomea. Simu ilikuwa inalia, na alidhani anaijua nguo hiyo.

*

Daktari alifanya kazi yake vizuri. Skrubu iliingia, fizi ikashonwa, jino la muda likawekwa juu yake, jeupe, laini, bila kijifereji. Alimwambia mgonjwa asing'atie mbele kitu kigumu: asile mahindi, asivunje karanga, asitafune mfupa. Mama Pindo aliyafuata maagizo kama mtu wa dini. Wiki tano alilowesha mkate kwenye chai. Aliliangalia jino kwenye kioo cha kabati, akakunja midomo, akaikunjua. "Nimekuwa mchumba," alisema. Na binti aliona kwamba kweli ni mzuri, na akajipongeza.

Mkate mkavu hakuugusa, karanga hakuzigusa. Lakini uzi si karanga. Kuhusu uzi alikuwa ameuliza kando, akajibiwa kando.

Wiki ya sita shule zilikaribia kufunguliwa na sketi arobaini zikaja kwa mkupuo. Jumamosi hiyo binti alikuwa uani anafua. Dirisha lilikuwa wazi juu ya kichwa chake. Alisikia kanyagio, halafu kimya cha pumzi moja, halafu ka!

Alisimama na nguo mkononi, povu likimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wakati mama yake akikatia kwenye jino la pili sauti ilikuwa nzito, ya kukwama. Hii ilikuwa ile yenyewe, ya utotoni. Mkono wa fundi una kumbukumbu yake. Jino lilipokuwa mahali pake tena, kichwa kilirudi pale pale. Na binti alifanya nini? Alitabasamu.

"Naona fundi amerudi kazini!" aliita.

"Jino lako hili limeumbwa, mwanangu!" ikajibu sauti ya dirishani.

"Si nilikwambia?"

Angeweza kuacha ndoo, akaingia, akamshika mkono. Ni yeye aliyewaambia wagonjwa mia kadhaa kwamba mfupa unahitaji kutulia, kwamba skrubu ikitikiswa kila siku mfupa unakata tamaa nayo. Alikuwa akiyajua haya kama jina lake. Lakini aliyajua akiwa mezani, na hapa alikuwa uani, mtoto wa mtu, anafua, na nyumba ilikuwa imerudi. Akainama, akaendelea kufua kwa kufuatisha zile ka.

Sketi arobaini. Mishono michache, fundo, jino. Hakuna aliyehesabu.

Jino lilipoanza kucheza, Mama Pindo hakusema. Hilo ndilo binti alilolifumbua baadaye, vipande vipande: kwamba wiki tatu nzima mama yake aliishi na skrubu inayotikisika kwenye taya kwa sababu aliogopa kumwaibisha binti yake kazini. Alianza kuweka mkono mbele ya kinywa. Aliacha kucheka. Akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa.

"Mama, mbona husemi siku hizi?"

"Nina uzi mdomoni."

Hakuwa na uzi.

Mpaka fizi ilipovimba, uso ukapinda upande mmoja, na binti akamshika mkono akampandisha ngazi kama mtoto.

Daktari aligusa jino kwa ncha ya kidole, likaitika. Picha ilionyesha kivuli cheusi kimeizunguka skrubu, mahali mfupa ulipopaswa kuwa. Akamwinamia mgonjwa.

"Mama, ulikuwa unang'atia nini?"

"Uzi."

"Uzi?"

"Mimi ni fundi cherehani, daktari. Tangu niolewe."

Daktari akageuka. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango, faili kifuani. Ndani ya faili karatasi, kwenye karatasi alama, pembeni ya alama neno lenye herufi tatu, kwa mwandiko wake.

"Hilo aliliuliza?"

Binti alifungua kinywa. Hata leo anaamini alikuwa anataka kusema. Lakini mama yake alimwahi, kwa ile sauti ya mtu mwenye pamba shavuni.

"Sikuuliza, daktari. Hawa watoto wanauliza kila kitu, wanaandika kila kitu. Ningeuliza ningeambiwa. Ni ukaidi wangu tu wa uzeeni."

Na hakumtazama binti yake. Alitazama taa. Kimya kilichofuata kilikuwa na urefu wa pumzi moja, kama kile kinachotangulia uzi kukatika, na binti angeweza kuingia humo akasema neno moja. Akalifunga faili.

Skrubu ilitoka kirahisi. Chuma kidogo tu, kikalia kwenye sahani.

*

Daktari alieleza yaliyobaki: mfupa ulioliwa hautaipokea skrubu nyingine mpaka uongezwe, na hiyo ni safari ya mwaka, jino la pili yake nalo limelegea, lisiguswe na uzi tena, leo wala kesho. Mama Pindo alisikiliza kwa adabu. "Nimechoka kupandwa," alisema, na daktari akatabasamu kidogo. Binti hakuweza.

Alimnunulia mkasi mdogo wa kukatia uzi, wenye vishikio vyekundu. Mama yake alishukuru, akaujaribu. Alishona akikunja uso, akasimama, akaachia mkunjo, akautafuta mkasi, akakata, akaurudia mkunjo. Alijaribu kuufunga mkasi kwenye kidole kwa utepe. Alijaribu kukata uzi kwa kuuvuta. Usingeona tofauti kwa siku moja. Lakini pindo si kitu cha siku moja.

Aliyemaliza mambo alikuwa mteja wa miaka mingi, mwalimu, mwanamke mstaarabu. Alikuja na sketi ya kijivu imekunjwa kwenye mfuko, akaketi, akauliza habari za nyumbani, akanywa maji. Ndipo akaitoa.

"Mama Pindo, samahani. Hii umeishona wewe mwenyewe?"

Binti alikuwepo, amekaa kitandani. Aliliona pindo kutoka kule alikokaa.

"Niachie mpaka kesho, mwalimu," alisema mama yake.

Alilifumua lote. Akalishona, akalifumua. La tatu aliliacha lilivyo, akapiga pasi, akaikunja sketi kwa uangalifu. Mwalimu alipoichukua, Mama Pindo alifuta cherehani kwa mafuta, akaondoa sindano, akaichoma kwenye mto wa sindano, akatoa shuka kabatini akafunika. Hakulia wala hakulaumu. Afadhali angelaumu. Siku zote binti alijua la kufanya na mama anayegomba. Huyu anayesema "si kitu, mwanangu", binti hakuwahi kufundishwa namna ya kumjibu.

Mwezi uliofuata mdogo wake Mama Pindo alipiga simu kwamba amefiwa na mume na nyumba ni kubwa. Mama Pindo alifunga mzigo mmoja.

"Na cherehani?" binti aliuliza.

"Huko iende kufanya nini? Wewe itunze."

Alipoondoka, binti alikwenda kazini na siku ya tatu akalibeba faili mpaka kwa daktari. Akaliweka mezani, akafungua, akaonyesha kwa kidole.

"Aliuliza," alisema.

Daktari hakuinama kusoma. "Niliona siku ile ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yako alikwisha kusema."

Binti akarudi kwenye meza yake. Karatasi ya maswali tisa aliitoa. Sasa anaweka karatasi nyeupe mbele ya kila mgonjwa, na kabla ya yote anauliza: unafanya kazi gani, na kinywa chako kinashiriki vipi humo? Foleni imekuwa ndefu. Watu wanamlalamikia. Fundi seremala alimwambia hushika misumari kwa meno. Mpiga filimbi wa kwaya alimwonyesha mdomo wake. Akaja mwamuzi wa mpira na kipenga chake, kisha mama mmoja anayefungua vizibo vya chupa kwa meno ili wajukuu wake wacheke. Kila mmoja ana lake. Anaandika polepole, na mara nyingine kalamu inasimama katikati ya neno, na mgonjwa anamuuliza kama yuko salama.

Kila Jumapili asubuhi anampigia mama yake. Wanaongea kuhusu mvua, kuhusu kuku, kuhusu mama mdogo na ubishi wake. Miezi saba alikusudia kusema na miezi saba aliongea kuhusu kuku. Jumapili iliyopita alisimama mbele ya cherehani, simu sikioni, akashika ncha ya shuka.

"Mama."

"Naam."

"Wewe uliuliza. Siku ile. Uliniuliza kuhusu uzi."

Upande wa pili jogoo aliwika. Mtu alisogeza kiti.

"Najua nilichokiuliza, mwanangu," alisema mama yake. "Umekula?"

"Bado."

"Kale."

Mama Pindo anaishi kwa mdogo wake, saa mbili kwa basi kutoka hapa, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja. Anafuga kuku kumi na wawili. Hashoni.